Somo: Michezo ya bebi shawa ya gharama ndogo, inayomhusu mama kijacho mwenyewe

Mdogo wangu alipokaribia kujifungua, tulikaa kamati hapa Mbagala kumwandalia bebi shawa. Michango yote ikaishia kwenye chakula, viti na turubai. Zikiwa zimebaki siku nne ndipo tukashtuka kwamba fungu la michezo halina kitu, na MC tuliyempigia akataja bei iliyotunyamazisha. Tukapanga wenyewe, kwa shilingi 20,000, wageni 25. Michezo ile ndugu zetu bado wanaisimulia, na tangu hapo kila mwenye shughuli ananiuliza tulifanyaje. Leo naandika yote.

Hatua ya 1: Uliza familia, kabla au baada?

Zipo familia zisizopenda hata soksi ya mtoto inunuliwe kabla hajazaliwa. Kwa watu wengi wa Pwani shughuli inasubiri arobaini. Usibishane nao. Michezo nitakayoeleza inachezeka tumbo likiwa kubwa na inachezeka mtoto akiwa mapajani kwa bibi yake.

Hatua ya 2: Kusanya habari zake

Hapa ndipo penye kazi, na haina gharama zaidi ya vocha. Chukua daftari, piga simu kwa watu watatu: mama yake mzazi, rafiki aliyekua naye, na mume wake. Uliza: Nani alimpa jina lake, na kwa nini? Utotoni alikuwa na vituko gani? Amewahi kuishi miji ipi? Mimba hii imemtia hamu ya nini?

Mama alituambia kuwa mdogo wangu, akiwa na miaka minne, alimfunga paka mbeleko kwa kilemba cha bibi, akakwaruzwa shingo yote. Shemeji akatuambia anaamshwa saa nane za usiku akatafute embe bichi. Habari mbili kama hizo zinatosha kuendesha nusu saa ya kicheko, kwa sababu kila aliyekaa pale anamjua anayesemwa.

Ukimaliza, mfuate mama kijacho umuulize jambo moja tu: kuna kitu usichotaka kitajwe? Akikitaja, kifute daftarini hapohapo.

Hatua ya 3: Chagua michezo mitatu, isizidi

*Mbeleko.* Huu ndio naupenda kuliko yote. Tia mchele kilo 3 kwenye mfuko imara, uviringishe kwa taulo, kisha kwa kanga kuukuu, na ufunge uzi sehemu moja ili kionekane kichwa. Watoto wengi huzaliwa na kilo kati ya 2.5 na 4, kwa hiyo atakayebeba anahisi uzito wenyewe hasa. Ukitumia mwanasesere wa plastiki mchezo unapwaya, maana hana uzito na kila mtu atamfunga.

Washindani ni wasichana ambao hawajazaa. Majaji ni wazee. Msichana anainama, anawekewa mtoto mgongoni, anamfunika kanga, anavuta pindo, anafunga fundo kifuani, anasimama. Kisha aokote kijiko chini, apepee jiko, aende hadi mlangoni na kurudi. Kanga ikilegea ametoka.

Kwetu, mshindani wa pili alisimama kwa madaha akidhani ameshinda. Shangazi akamsogelea, akaingiza kiganja kati ya kanga na mchele, akasema, "Mwanangu, hapa ngumi inapita. Huyu atateremka." Akafungua yote. Akalivuta pindo la juu mpaka likakaa sawasawa chini ya shingo ya mtoto, akazungusha ncha moja juu ya nyingine, akaichomeka ndani, kisha akapiga kofi dogo pale mgongoni kama wanavyopiga watu waliokwisha lea. Wasichana wote walikuwa wamesogea karibu, kimya. Hakuna aliyewaita waje kujifunza.

Mama kijacho asiinamishwe. Yeye mweke mwisho: mama yake ainame, na yeye amfunge mama yake yule mtoto wa mchele mgongoni. Kama ipo kanga iliyombebea yeye alipokuwa mchanga, itafuteni kwa bidii. Ya kwetu ilipatikana chini ya sanduku, imepauka, jina lake herufi za mwanzo hazisomeki tena. Mama alipoinama na mdogo wangu akaanza kumfunga kanga ile, alilia yeye, nikalia mimi, akalia na shemeji aliyekuwa akichungulia dirishani.

*Vitendawili vya mama kijacho.* Chukua zile habari za daftarini uzigeuze vitendawili. Wageni wagawanyike pande mbili. Wa kwetu walitegewa hivi:

"Tumelala wawili, anayepiga teke ni wa tatu." (Mtoto tumboni.)
"Namtuma mwanamume saa nane za usiku, arudi na kitu cha kijani." (Embe bichi.)
"Nilimbeba mwanangu, akanikwaruza akaruka dirishani." (Paka.)

Mkishindwa, mtegaji anaomba mji kama kawaida yetu. Ila hapa mji uwe ule ambao mama kijacho amewahi kuishi, na mtegaji, kabla ya kutoa jibu, aseme jambo moja alilofanya huko. "Nakupa Korogwe!" "Nimekwenda Korogwe, wakanikirimu, wakaniambia huyu alikuwa anasoma usiku ndani ya shuka kwa tochi ya kuazima, jibu ni…" Ukimpa kazi hii rafiki wa utotoni, atakuwa na mengi kuliko muda mlio nao, kwa hiyo mpe mipaka.

*Kunusa.* Kata vipande vya kanga kuukuu, ndani ya kila kimoja weka kiungo: iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, tangawizi kavu. Funga kwa uzi, andika namba, wapitishe kwa wageni, kila mtu aandike majibu. Cha mwisho kiwe harufu ya nyumbani kwao. Cha kwetu kilikuwa mchaichai, kwa sababu bibi yetu aliupanda kuzunguka uzio mzima. Mama kijacho asilazimishwe kunusa, kichefuchefu hakina adabu.

Ukitaka cha kufungia, kila mgeni aandike tarehe na uzito anaodhani mtoto atazaliwa nao, muweke kwenye bahasha, ifunguliwe siku ya arobaini. Mshindi apewe heshima ya kumshika mtoto kabla ya wageni wengine.

Hatua ya 4: Zawadi na hesabu

Viungo shilingi 4,000. Karatasi na kalamu 6,000. Zawadi za washindi 10,000, nasi tulinunua ubuyu wa Zanzibar tukaufunga vifurushi vidogo. Mchele shangazi alitoa kama zawadi yake kwa mzazi, kwa hiyo ulibaki palepale nyumbani ukapikwa.

Mchezo nisiouweka

Ule wa kukata uzi na kukisia mzunguko wa tumbo. Niliwahi kuuendesha. Mgeni mmoja akakata uzi mrefu mno, watu wakacheka, nikacheka nami, mpaka nilipomtazama mama kijacho. Alikuwa anavuta dera lake ajifunike. Alikaa chumbani sehemu kubwa ya shughuli iliyobaki, na ni mimi niliyekuwa na kipaza sauti. Nilimwomba radhi kesho yake. Tangu siku hiyo, mwili wake haumo kwenye mchezo wangu wowote.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo dada. Kwetu ndugu wa mume watakuwa wengi na mama mkwe atakuwepo. Naogopa vitendawili vitamvunjia heshima.*

Marahaba mdogo wangu. Mama mkwe usimshindanishe, mpe ujaji wa mbeleko, akae kwenye kiti kizuri na kauli yake iwe ya mwisho. Na kwenye daftari lako mpigie simu yeye pia, akupe vituko vya utotoni vya mwanawe wa kiume. Utashangaa. Mawifi nao watashiriki kwa moyo wakisikia kaka yao naye ametegewa kitendawili.

*Bajeti yetu ni 5,000 tu, tuko kumi.*

Inatosha. Mbeleko na vitendawili havihitaji kununua kitu. Mchele au maharage mtaazima ndani ya nyumba hiyohiyo. Hiyo 5,000 nunua ubuyu.

*Wanaume waruhusiwe?*

Familia ikikubali, ndiyo, na baba mtarajiwa afunge mbeleko. Afunge kweli, wazee wamkague kama wengine. Atamlea huyo mtoto, ni vizuri mikono yake izoee.

*Dada, rafiki yetu alipoteza mimba miaka miwili iliyopita. Sasa ana miezi minane. Tufanye michezo au tuache?*

Shoga, muulize yeye, faragha, na umpe nafasi ya kusema hapana bila kujieleza. Akikubali, ondoa bahasha ya tarehe na uzito. Kwa mtu aliyepitia hilo, kukisiwa tarehe kunaweza kumtia hofu badala ya furaha. Ningechagua mchezo wa majina: kila mgeni aandike nani alimpa jina lake na kwa sababu gani, karatasi zichanganywe, yeye akisie ipi ni ya nani. Utasikia habari za akina Masika waliozaliwa wakati wa mvua na akina Zawadi waliosubiriwa miaka mingi. Na akisema tusubiri mtoto azaliwe, subirini. Mchele hauozi.

*Mimi niko Tanga, ndugu yangu mjamzito yuko Muscat na hawezi kusafiri. Kuna mchezo wa kwenye simu?*

Vitendawili vinafaa sana kwa simu ya video. Kumbuka Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, msianze usiku mno akachoka. Kabla ya siku yenyewe, waombe wazee kila mmoja arekodi wimbo aliokuwa akiwabembelezea watoto wake, ubeti mmoja tu, bila kutaja jina. Siku ya shughuli mnamsikilizisha, anakisia ni sauti ya nani. Rekodi zinabaki kwake, atazicheza usiku mtoto akikataa kulala. Na mnapopiga, wekeni simu karibu kabisa na bibi, maana vijana watajitangaza wenyewe lakini yeye sauti yake ni ndogo.