Jinsi ya Kuchagua Kampuni ya Kuaminika ya Kuhamisha Vyombo

Kampuni nzuri ya kuhamisha vyombo hutambulika kabla lori halijafika mlangoni, na kipimo cha kwanza ni namna inavyofikia bei yake. Anayekutajia bei kwa simu baada ya kuuliza idadi ya vyumba pekee anabahatisha, kwa kuwa vyumba vitatu vya mtu mmoja vinaweza kuwa na vitanda na meza tu, ilhali vya mwingine vimejaa makabati ya mbao nzito na vitabu vya miaka 20. Kampuni makini humtuma mtu aje aone, au angalau huomba ioneshwe nyumba nzima kwa video.

Mtu huyo akija, mtazame anavyofanya kazi. Anapaswa kufungua makabati, kuchungulia stoo na mvunguni mwa vitanda, kupima upana wa mlango utakaopitisha sofa, kuhesabu ngazi na kuuliza lori litaegeshwa wapi, si hapa tu bali na kule unakohamia. Asiyeuliza habari za nyumba mpya ameikagua nusu ya kazi, na ile nusu nyingine ataidai siku yenyewe, vyombo vyako vikiwa tayari ndani ya lori. Niliwahi kukubali bei ya simu kwa sababu nilikuwa na haraka. Ngazi za ghorofa ya tatu, ambazo hakuna aliyeniuliza, nilizilipia barazani huku godoro langu likiwa limeegemezwa ukutani.

Pata makadirio ya maandishi kutoka kwa kampuni tatu hivi, kisha usikimbilie kutazama jumla iliyo chini ya karatasi. Angalia kama yanahusisha kufunga vyombo, maboksi, kufungua vitanda na kuviunga upya, pamoja na gharama ya kusubiri ikiwa funguo zitachelewa. Uliza kama bei hiyo ni ya mwisho au yaweza kupanda, na jibu liandikwe.

Suala la bima ndilo linalowaponza wengi, kwa kuwa neno "tuna bima" huwatosha. Omba kuona hati yenyewe, usome kiwango cha juu cha fidia, muda wa kuwasilisha madai, na hasa namna fidia inavyokokotolewa. Ikiwa inakokotolewa kwa uzito, televisheni ya kilo 10 italipwa sawasawa na kilo 10 za masufuria. Uliza pia kuhusu maboksi uliyoyafunga mwenyewe, maana bima nyingi huyaacha nje kwa hoja kwamba kampuni haikuona yalivyopangwa. Hivyo vyombo vya udongo na vioo ni bora wavifunge wao. Fedha, vito, vyeti na pasipoti visiingie kwenye lori kabisa.

Thibitisha kwamba kampuni imesajiliwa na ina ofisi unayoweza kuifikia kwa miguu yako. Jina lililo kwenye makadirio linapaswa kuwa ndilo lililo kwenye risiti na kwenye akaunti ya benki. Zipo kampuni zinazopokea kazi na kuikabidhi kwa nyingine. Si kosa, ila unapaswa kuambiwa mapema na kujua nani atawajibika kitu kikivunjika. Kianzio kidogo chenye risiti ni jambo la kawaida, lakini anayetaka fedha zote kabla ya kazi, tena taslimu, mwache.

Siku ya kuhama, dai orodha ya vyombo inayoeleza na hali yake, kwa mfano: "Kabati la nguo, milango miwili, mkwaruzo chini upande wa kushoto." Maelezo ya namna hiyo humlinda kila upande, na kampuni inayokasirishwa nayo imejieleza yenyewe. Pande zote mbili zitie saini kabla lori halijaondoka. Mtakapofika, pitia orodha hiyo kitu kimoja kimoja kabla ya kutia saini ya kupokea, na kama wapakuzi wana haraka, andika kando ya saini yako kwamba maboksi bado hayajafunguliwa, kisha upige picha ya karatasi hiyo.