Namna ya kukokotoa umbali na muda wa ndege kati ya Lodwar na Marsabit

Ziwa Turkana limeitenga miji hii miwili ya kaskazini mwa Kenya, na barabara ya lami inayozunguka kusini kupitia Kitale, Nakuru na Isiolo ni ndefu zaidi ya mara tatu kuliko njia ya angani. Kwa kuwa kazi yangu ni kupanga safari za ndege ndogo, abiria anaponiuliza muda wa kuruka, kwanza humwuliza anaelekea upande gani.

Hatua ya 1: Tafuta umbali. Lodwar ipo latitudo 3.12 kaskazini na longitudo 35.60 mashariki, Marsabit ipo 2.33 na 37.98. Tofauti ni nyuzi 0.79 na 2.38. Karibu na ikweta kila uzi, wa latitudo au wa longitudo, ni takriban kilomita 111, kwa hiyo tunapata kilomita 88 kwenda kusini na 264 kwenda mashariki. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo: kilomita 278 hivi. (Njia hii isitumike mbali na ikweta bila marekebisho, kwani kwenye latitudo 60 uzi wa longitudo hupungua hadi nusu.)

Hatua ya 2: Gawanya kwa kasi. Ndege aina ya Cessna Caravan ikienda kilomita 300 kwa saa, pasipo upepo, itatumia dakika 56.

Hatua ya 3: Ingiza upepo, na hapa usifanye haraka. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya hupita mkondo wa upepo wenye nguvu kutoka kusini-mashariki, ule ule unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani. Anayekwenda Marsabit hukutana nao usoni. Ukiwa wa kilomita 50 kwa saa, kwenda ni dakika 67 na kurudi ni 48. Jumla inazidi ile ya siku tulivu, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi katika upepo wa mbisho, na nafuu ya kurudi haifidii yote. Pima mafuta kwa dakika 67, kisha ongeza akiba. Mimi sishuki chini ya dakika 45.

Hatua ya 4: Ongeza dakika 10 hadi 15 za kuondoka, kupaa na kutua.

Hatua ya 5: Kagua njia. Mstari ulionyooka hupita juu ya Mlima Kulal, wenye urefu wa zaidi ya mita 2,200, ambako upepo huo huo huleta misukosuko mikali upande wa ziwani. Panda juu zaidi au uzunguke, na uhesabu kilomita zinazoongezeka. Marsabit nayo hufunikwa na ukungu asubuhi, ilhali joto la mchana la Lodwar hupunguza uwezo wa ndege kupaa ikiwa na mzigo. Kwa hiyo ondoka Lodwar asubuhi, lakini baada tu ya kuthibitisha kwa simu kwamba ukungu wa Marsabit umeanza kuinuka.