Somo: Namna ya kujiwekea lengo lako binafsi katika darasa la Kiingereza la watu wazima

Habari zenu wakuu. Kila muhula ukianza naletewa swali lile lile: "Mwalimu ametugawia karatasi, anataka kila mtu aandike malengo yake. Niandike nini?" Nimelijibu faraghani mpaka nimechoka, tena kipande kipande, kila mtu kivyake. Leo naliandika lote mahali pamoja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Ile karatasi si mapambo ya faili. Darasa la watu wazima halina watu wanaofanana. Mmoja anataka aongee na walimu wa mwanawe bila mkalimani, wa pili ana usaili wa kazi, wa tatu anajiandaa na mtihani, wa nne aliacha shule zamani na sasa ameamua kurudi. Mwalimu ana kitabu kimoja na saa chache kwa wiki. Usipomwambia unakokwenda, atakufundisha kwa kufuata kurasa za kitabu, na kitabu hakikujui.

Hatua ya 1. Andika sababu iliyokuleta darasani. Sentensi moja, kwa Kiswahili, na iwe ya kweli.

Hatua ya 2. Jua ulipo. Viwango vinavyotumika sehemu nyingi ni vile vya Baraza la Ulaya vilivyotolewa mwaka 2001, kuanzia A1 (cha chini kabisa) hadi C2 (cha juu kabisa). Uzuri wake ni kwamba vimeandikwa kwa kutaja anachoweza kufanya mtu. Wa A1 anajitambulisha na kujibu maswali mepesi akizungumziwa polepole. Wa B1 anajimudu safarini, anasimulia yaliyompata na kutoa sababu za maoni yake kwa ufupi. Jipime kila stadi peke yake. Waliosoma Kiingereza shuleni mara nyingi wako B1 kwa kusoma na A1 au A2 kwa kuzungumza, na kuwaita "B1" tu ni kuwaficha.

Hatua ya 3. Geuza sababu kuwa tendo. Hapa tulieni, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu.

"Nataka kujua Kiingereza" si lengo. "Niongee kwa ufasaha" si lengo. "Niboreshe sarufi" si lengo. Hakuna siku utakayoamka useme umefika, na mwalimu naye hana pa kukushika. Lengo lina mtu unayeongea naye au kumwandikia, lina mahali, lina tendo, na lina alama ya kuonyesha kwamba umeliweza. Watafiti Edwin Locke na Gary Latham walilichunguza suala hili kwa miaka mingi wakaona kwamba lengo mahususi na gumu humsukuma mtu kuliko kuambiwa "jitahidi uwezavyo".

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Mzazi anasema: nataka nikipiga simu shuleni kwa mwanangu nieleweke. Vizuri, tendo lipo. Ndani yake mna nini? Kujitambulisha. Kutaja jina la mtoto herufi kwa herufi. Kutaja darasa lake. Kueleza anaumwa nini. Kusema siku atakayorudi. Kuelewa maswali mawili matatu ya karani, na kumwomba arudie bila kuona haya: "Sorry, could you say that again, please?" Sasa angalia herufi peke yake. Jina la herufi E kwa Kiingereza linasikika kama "i" yetu, la I linasikika kama "ai", na la A kama "ei". Ukitaja jina la mtoto kwa herufi za Kiswahili, ukisema "i" karani anaandika E, na jina halipatikani kwenye orodha. Na simu ni ngumu kuliko ana kwa ana: midomo huioni, mikono huioni. Mzazi huyu ana kazi ya wiki kadhaa, na kila wiki anajua anafanya nini.

Tahadhari za hatua hii, tafadhali zisomeni:

Usijiwekee lengo ambalo uamuzi wake uko kwa mtu mwingine. "Nipate kazi" anaamua mwajiri. "Niweze kueleza kazi niliyoifanya awali kwa dakika mbili, nisisome popote" unaamua wewe.

Usijiwekee kiwango kizima kwa muhula mmoja. Makadirio ya Cambridge, watungaji wa mitihani ya Kiingereza, ni kwamba kufika B1 kutoka sifuri kunahitaji saa 350 hadi 400 za kujifunza kwa kuongozwa, na B2 saa 500 hadi 600. Darasa la saa 4 kwa wiki, kwa wiki 12, ni saa 48. Piga hesabu mwenyewe. Nimewaona wanafunzi wenye bidii kabisa wakiacha darasa katikati kwa sababu walijiandikia "kutoka A2 hadi B2 muhula huu". Walikuwa wanasonga vizuri tu, ila kipimo walichojiwekea kiliwaambia kila wiki kwamba wanashindwa. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana nalirefusha.

Usirundike. Lengo kuu moja kwa muhula. Mshika mbili moja humponyoka, na mtu mzima mwenye kazi na watoto tayari mikono yake imejaa.

Usinakili la jirani yako, hata kama Kiingereza chake ni kizuri kuliko chako.

Hatua ya 4. Ligawe kwa wiki. Wiki moja, kipande kimoja.

Hatua ya 5. Panga saa na mahali. "Nitafanya mazoezi nikipata nafasi" haifanyi kazi, nafasi haiji. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kwamba mtu akipanga kwa mtindo wa "likitokea hili, nitafanya lile", nafasi ya kutekeleza inaongezeka. Kwa hiyo andika: nikishamaliza kuosha vyombo vya usiku, nafanya dakika kumi za kusikiliza palepale jikoni. Lifunge zoezi kwenye jambo unalolifanya kila siku bila kukumbushwa.

Hatua ya 6. Tafuta ushahidi mapema. Wiki ya kwanza, kabla hujafundishwa chochote, jirekodi kwenye simu ukilifanya tendo lenyewe, hata kama ni vibaya. Lengo lako likiwa la kuandika, andika barua pepe hiyo leo na uihifadhi. Wiki ya mwisho rudia lile lile, kisha linganisha. Usisubiri ujisikie tayari, hapo utakuwa umekosa cha kulinganishia.

Hatua ya 7. Mwonyeshe mwalimu. Katikati ya muhula kaeni tena mlipunguze au mliongeze.

Lengo lililokamilika linasomeka hivi: "Mwisho wa muhula niweze kupiga simu shuleni, kueleza kwamba mwanangu anaumwa na lini atarudi, kutaja jina lake herufi kwa herufi, na kujibu maswali ya karani. Mwalimu ataigiza karani, nami sitasoma popote." Ukilisoma unaona kabisa siku ya kulipima itakavyokuwa.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Mwalimu nipe tu malengo matano mazuri, karatasi nakabidhi kesho.

Jibu: Sina. Soma hatua ya 1 na ya 3. Ukirudi na sababu iliyokupeleka darasani, tutaliandika pamoja hata usiku huu.

Swali: Asante kwa somo. Mimi Kiingereza nimesoma shuleni, nikisoma gazeti naelewa, lakini wenyewe wakiongea napotea kabisa. Ni msamiati umepungua? Lengo langu liwe nini?

Jibu: Swali zuri sana, ndugu yangu, na nakushukuru kwa kueleza vizuri. Uwezekano mkubwa msamiati unao. Kiswahili tunatamka kila silabi kwa ukamilifu wake. Kiingereza kinakaza silabi chache na kuzimeza nyingine. Vile vineno vidogo, "to", "of", "and", "have", kwenye maongezi vinabaki pumzi tu na kugandana na neno la jirani. Jicho lako linavijua, sikio bado. Fanya hivi: chukua sauti ya dakika moja yenye maandishi yake. Sikiliza bila kusoma, andika neno kwa neno unachosikia, rudia mara tatu nne, kisha fungua maandishi na uzungushie duara ulivyokosa. Utashangaa, vingi ni maneno unayoyajua tangu zamani. Lengo la muhula: "Niweze kunakili sauti ya dakika moja ya maongezi ya kawaida, na nisikose zaidi ya neno moja katika kila kumi." Linapimika, na kila wiki unaona idadi ya duara ikipungua.

Swali: Kwenye mtihani wa Kiingereza wa IELTS nina 5, nataka 7 mwezi ujao. Niandike lengo gani?

Jibu: Tahadhari ya pili umeiruka. Alama mbili nzima kwa mwezi mmoja sitakuahidi. Hiyo 5 ni ya stadi ipi, au ni wastani?

Swali (yuleyule): Samahani mwalimu, ni wastani. Kuandika ndiko kumenishusha, nilipata 4.5.

Jibu: Sasa tunaongea. Anza na kuandika. Kazi ya pili ya mtihani ule inataka maneno yasiyopungua 250, muda unaoshauriwa ni dakika 40, na uzito wake ni mkubwa kuliko kazi ya kwanza. Lengo lako la muhula: insha moja kila wiki ndani ya dakika 40, dakika tano za mwanzo zikiwa za kupanga hoja, na kila aya ibebe hoja moja yenye mfano. Mwombe mwalimu asikusahihishie kila kosa, akuonyeshe makosa mawili yanayojirudia, na wiki inayofuata uyawinde hayo mawili. Tarehe ya mtihani isogeze mbele ukiweza.

Swali: Hizo saa 400 ni za kutishia watu. Kuna jamaa alijua Kiingereza kwa miezi mitatu.

Jibu: Nimeandika "makadirio", rudi juu usome. Yanabadilika kwa lugha ya kwanza ya mtu, alichosoma nyuma na muda anaotumia nje ya darasa. Na "miezi mitatu" bila idadi ya saa haielezi kitu. Mtu anayeshinda na Kiingereza saa 6 kwa siku kwa siku 90 amefikisha saa 540. Hesabu ni ileile, ameibana tu.

Swali: Je, lengo linaweza kuwa idadi ya maneno? Nataka nijiwekee maneno 3,000.

Jibu: Linaweza kuwa kipande cha lengo, lisiwe lengo zima, kwa sababu orodha ya maneno haikuombei miadi ya daktari. Ila maneno ya kuanza nayo yachague vizuri. Michael West alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi, na orodha za namna hiyo zimeendelea kuboreshwa. Maneno hayo machache yanabeba sehemu kubwa ya maandishi ya kawaida, kwa hiyo yatangulie kabla ya maneno magumu ya magazetini. Liandike neno ndani ya sentensi inayohusu maisha yako, kisha lirudie kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Tangu majaribio ya Hermann Ebbinghaus ya 1885 inajulikana kwamba sehemu kubwa ya tulichokariri hupotea mapema sana, na kurudia kwa kuachanisha siku ndiko kunakookoa.

Mchango: Mimi nimebadilisha lugha ya simu yangu kuwa Kiingereza, imenisaidia sana.

Jibu: Kwa kusoma, sawa. Ongeza na hili: tafuta mwenzako wa darasani, mtumiane ujumbe wa sauti wa dakika moja kila siku badala ya maandishi. Unaweza kuusikiliza kabla ya kuutuma, na ukiona hueleweki unarudia.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mama yangu mzazi ameanza darasa. Hakusoma, hata Kiswahili hawezi kuandika. Ile karatasi ya malengo imemfanya aone aibu, anataka kuacha. Anaweza kuwa na lengo?

Jibu: Marahaba mwanangu. Anaweza, na tafadhali asiache. Lengo halianzi kwenye karatasi, linaanza mdomoni. Kaa naye umuulize kwa Kiswahili: ni wapi anakwama akiwa peke yake? Akutajie, wewe umwandikie, au achore. Kwa mtu wa hatua yake malengo mazuri ni kama kuandika jina lake bila kunakili, kusoma namba, kujaza jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye fomu.

Lingine ni lengo la kuelewa saa ya miadi. Hilo nalipendekeza sana, maana lina mtego kwa msemaji wa Kiswahili. Akiambiwa "nine", hiyo ni saa tatu yetu, na akili iliyozoea kuhesabu kuanzia macheo inaweza kumpeleka saa tisa. Lengo liwe: "Nikitajiwa siku na saa ya miadi kwa Kiingereza, niweze kuzirudia kwa sauti na kuonyesha kwenye saa ya ukutani." Zoezi lake halihitaji kalamu. Mtajie saa, aweke mishale. Dakika tano kila siku zinatosha. Na mweleze mwalimu wake mapema kwamba kusoma na kuandika ni vipya kwake, ili asimpe karatasi tena bila mtu wa kukaa naye.

Swali (yuleyule): Asante sana mwalimu. Na ile ya kujirekodi, naye afanye?

Jibu: Ndiyo, tena yeye hasa, kwa kuwa hana daftari la kumwonyesha alikotoka. Mrekodi kesho akijaribu kurudia saa mbalimbali za miadi utakazomtajia kwa Kiingereza, hata akikosea zote. Weka tarehe kwenye jina la faili na usilifute.