Nyasi za vetiva kwenye mwalo wa zamani: namna ya kuizuia zebaki isifike mtoni

Nafanya kazi na vikundi vya wachimbaji wadogo wa dhahabu Handeni, mkoani Tanga. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mmea gani unakula zebaki? Jibu langu huwavunja watu moyo mwanzoni, lakini bila jibu hilo utapoteza fedha na nguvu za kikundi. Hakuna mmea unaokula zebaki. Zebaki ni elementi, kama ilivyo chuma au dhahabu yenyewe. Haiozi, na hakuna kiumbe anayeweza kuivunja ikawa kitu kingine. Kiumbe hai anaweza kuishika, kuihamisha, au kuibadilisha umbo, basi.

Twende kwenye hesabu, maana ndiyo iliyonibadilisha mimi. Chukulia mwalo wa zamani, yaani mahali pa kuoshea dhahabu ambapo zebaki hutumika kuishika, wenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 30, na marudio (mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa) yaliyochafuka hadi kina cha sentimita 20. Hizo ni mita za ujazo 120, karibu tani 156 za udongo. Tuseme maabara imekuta miligramu 10 za zebaki katika kila kilo. Maana yake hapo chini pamelala zebaki kilo moja na nusu na zaidi kidogo, gramu 1,560. Sasa panda majani, uvune kilo 900 zilizokauka kwa mwaka, na tuseme kila kilo ya majani imebeba miligramu 1. Umetoa gramu 0.9. Ili umalize zote kwa kuvuna, utahitaji zaidi ya miaka 1,700.

Ndiyo maana mwongozo huu hauhusu kuinyonya zebaki itoke. Unahusu kuifungia pale ilipo: isipeperuke na vumbi, isisombwe na mvua za masika, isifike kwenye matope ya mtoni. Kwa kazi hiyo mimea ni hodari kweli.

Hatua ya 1: Simamisha chanzo kwanza

Usipande hata shina moja kama bado kuna mtu anayekamulia zebaki au kuchomea dhahabu hapo hapo. Ni sawa na kudeki huku bomba linamwaga. Kaeni kikao na wenye mwalo na wenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe, mkubaliane mahali pamoja pa kusafishia, mbali na makazi na mbali na mkondo wa maji, na uchomaji ufanyike ndani ya kigida, kile chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba la kupoozea mvuke. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Ukichoma wazi, yote inakwenda hewani na kutua jirani. Kigida kizuri kinairudisha zaidi ya asilimia 90.

Jambo jingine la kuzuia mapema ni kuuza marudio yenye zebaki kwa wanaochenjua kwa sayanaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu. Sayanaidi huiyeyusha zebaki ikaenda na maji, na hapo hakuna mzizi utakaoiwahi. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017, umeutaja uchenjuaji huo miongoni mwa vitendo vinne vibaya zaidi vinavyotakiwa kukomeshwa kwa wachimbaji wadogo. Vingine ni kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa bila kuchambua kwanza, kuchoma wazi, na kuchomea kwenye makazi ya watu.

Hatua ya 2: Pima, tena pima vizuri

Gawa eneo katika vipande vya mita 10 kwa 10. Kwa kila kipande chukua udongo sehemu tano, wa juu hadi sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha toa sampuli moja ya nusu kilo. Rudia kwa kina cha sentimita 20 hadi 40. Chukua pia sampuli juu ya mwalo, mahali ambapo maji ya kazi hayajawahi kupita. Hiyo ndiyo itakayokuambia udongo wa kwenu wa kawaida ukoje. Ongeza tope na maji ya kijito, hatua kama mia moja chini ya mwalo.

Mwaka wangu wa kwanza nilianika sampuli juani juu ya bati ili zikauke upesi. Majibu yakaja madogo, tukashangilia. Baadaye nikaelewa kwamba zebaki huvukiza, na jua la Handeni juu ya bati linatosha kabisa kuipunguza. Kaushia kivulini, kwenye chumba chenye hewa, au peleka mbichi ndani ya kisanduku chenye barafu. Maji yaweke kwenye chupa ya kioo yenye tindikali ambayo maabara yenyewe itakupa. Omba kipimo cha zebaki jumla. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni mahali pa kuanzia kuuliza. Kwa maji ya kunywa, kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.006 kwa lita.

Kabla ya kugusa udongo mtaarifu afisa mazingira wa wilaya na Afisa Madini Mkazi, maana eneo lina leseni ya mtu. Vaeni buti, glovu ndefu za mpira na barakoa ya vumbi, na mlowanishe udongo kabla ya kuchimba. Mjamzito na mtoto wasiwepo kabisa kwenye kazi hii. Hapo sina mjadala.

Hatua ya 3: Yazuie maji

Chimba mfereji juu ya eneo ili maji ya mvua yapite pembeni. Chini ya eneo jenga tuta la udongo safi, nusu mita kwenda juu. Pale penye makorongo weka magunia ya mkonge yaliyojaa mchanga safi. Tanga hatuna shida ya mkonge. Yatadumu msimu au miwili, wakati huo nyasi zimeshashika.

Hatua ya 4: Jaribu kwenye ndoo

Marudio si udongo. Hayana mboji, hayana naitrojeni, yakikauka ni unga, yakilowa yanagandamana. Kabla ya kununua vipando elfu moja, jaza ndoo kumi kwa marudio ya eneo lako. Tano zichanganye na mkaa wa vifuu vya nazi uliotwangwa pamoja na samadi iliyooza, tano ziache zilivyo. Panda, mwagilia, subiri wiki sita. Ndoo zitakuonyesha kama kuna kitu kingine kinachoua mimea, kwa mfano uchachu (asidi).

Mkaa wa vifuu una vitundu vidogo visivyohesabika, na zebaki iliyoyeyuka hujishika humo. Huhitaji kutandaza eneo zima, ni gharama kubwa mno. Weka kwenye mifereji ya kupandia tu.

Onyo kwa wakulima wa korosho, kwa sababu nimeona mtu anataka kufanya hivyo: msimwage salfa ya mikorosho kwenye marudio kwa kusikia kwamba salfa hushika zebaki. Ni kweli zinashikana, lakini kwenye tope lisilo na hewa wapo bakteria wanaopumua kwa salfeti, ambayo salfa hugeuka kuwa, na baadhi yao ndio wanaoigeuza zebaki ya kawaida kuwa methili-zebaki, umbo lake lenye sumu kali zaidi. Jeni mbili zinazowawezesha, hgcA na hgcB, zilitambuliwa mwaka 2013. Methili-zebaki ndiyo inayoingia kwenye samaki na kuongezeka kila samaki mkubwa anapomla mdogo, hadi kwa papa na jodari. Ndiyo iliyowaumiza watu wa Minamata, Japani, ugonjwa ulipotambuliwa mwaka 1956. Mto Msangazi unatoka huku kwetu na kuishia baharini kusini mwa Pangani, na tope la mikoko ni mahali bakteria hao wanapostawi. Kwa sababu hiyo hiyo epuka mbolea ya SA (salfeti ya amonia), na usiache maji yatuame eneo la kazi.

Hatua ya 5: Panda vetiva

Nimejaribu matete na ndago pia, lakini vetiva ndiyo ninayoitegemea kwa nchi kavu. Mizizi yake hushuka wima mita mbili hadi tatu, inavumilia ukame na udongo mbovu, haisambai kwa mbegu. Na jambo kubwa kwetu, zebaki inayoingia hubaki zaidi mizizini kuliko kupanda majanini.

Panda mwanzo wa masika, mwezi Machi, udongo ukishalowa. Vuli inafaa, ila mvua zake huwa zinakatika kabla mizizi haijashika.

Pima mistari ikikatiza mteremko, si kuufuata. Weka mstari mpya kila ardhi inaposhuka mita moja. Chimba mfereji wa sentimita 20 kwa 20, changanya debe moja la mkaa kwa kila mita nne, na samadi kiasi. Gawa mashina yawe na machipukizi mawili au matatu, kata majani yabaki sentimita 20 na mizizi sentimita 10, chovya kwenye uji wa udongo safi na samadi, panda kwa nafasi ya sentimita 15. Mstari wa mita 30 unataka vipando 200, ongeza 30 vya kuzibia mapengo. Mwagilia mwezi wa kwanza mvua zikikatika. Pengo moja tu lisilozibwa, maji yatalipata na kulifanya njia yao.

Katikati ya mistari funika kwa nyasi kavu kutoka nje ya eneo, ili vumbi litulie.

Kuhusu gugu maji: mizizi yake hunasa zebaki majini, hilo ni kweli, na watu wengi huniletea wazo hilo. Lakini kulipeleka kwenye bwawa ambalo halijawahi kuwa nalo ni kuleta janga jingine. Likifa na kuzama, zebaki inarudi kwenye tope pamoja na mboji inayolisha wale bakteria niliowataja. Kwa bwawa la maji machafu, tumia matete ya hapo hapo pembezoni, na maji yawe ya kina kifupi yanayotembea.

Na bakteria je? Wapo wenye kimeng'enya kinachoigeuza zebaki iliyoyeyuka kuwa mvuke wa zebaki, ndivyo wanavyojinusuru. Huko Ujerumani waliwahi kutumiwa kusafisha maji machafu ya kiwanda, lakini ndani ya chombo kilichofungwa, zebaki ikinaswa humo humo. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani, akiwemo Richard Meagher, waliihamishia jeni ya kimeng'enya hicho kwenye mmea mdogo, ukaweza kuishi kwenye zebaki kwa kuitoa kama mvuke. Mwaka 2022 kuvu wa udongoni aitwaye Metarhizium robertsii alionyeshwa kuwa anaweza kuivunja methili-zebaki. Ni sayansi nzuri na ninaifuatilia kwa hamu. Ila mtu akikuletea chupa ya bakteria wa kumwaga kwenye mwalo ulio wazi, muulize mvuke utakwenda wapi. Jirani wa mwalo ana mapafu.

Hatua ya 6: Funga eneo, na ongea na kina mama

Wavu au miiba, weka uzio. Lakini uzio bila mazungumzo haudumu. Mama mmoja alinijia tulipomaliza kupanda. Nikamsalimu, akaitikia marahaba, akasema, "Mwanangu, mbuzi wangu watakula wapi sasa, nanyi mmeotesha majani mazuri hivi?" Nilikuwa nimewaeleza wachimbaji tu, sikuwa nimemweleza yeye. Tukakaa chini, nikamweleza, na nikamtafutia vipando safi apande kwenye shamba lake. Tangu siku hiyo yeye ndiye mlinzi wangu mkuu.

Kisamvu pia. Majani hupokea zebaki kutoka hewani, si kwenye mizizi peke yake. Mihogo iliyo jirani na mahali pa kuchomea dhahabu isichumwe kisamvu.

Hatua ya 7: Kata, hifadhi, pima tena

Kata mara moja au mbili kwa mwaka, ukiacha sentimita 40. Majani ya kwanza yapeleke maabara. Yakiwa na zebaki nyingi ghafla, usikimbilie kusema mizizi imeipandisha. Uliza kwanza kama kuna mtu amerudi kuchoma usiku.

Yaliyokatwa tandaza humo humo kati ya mistari. Usichome, maana moto unaitoa zebaki yote hewani. Usitengenezee mboji ya bustani. Msimu mmoja tuliyarundika nje ya uzio tukisubiri usafiri, tukakuta yameezekea banda la jiko. Ni majani mazuri ya kuezekea, simlaumu aliyeyachukua. Tuliyaondoa tukampa makuti, na tangu hapo hakuna jani linalovuka uzio.

Baada ya kila masika, rudi na chupa na vifuko vyako sehemu zile zile: tope la kijito, maji chini ya tuta, udongo kati ya mistari. Usitegemee udongo wa ndani kubadilika, zebaki bado iko humo. Namba ya kuiangalia ni ya tope la kijito. Kama haishuki baada ya misimu miwili, tembea kwenye mistari siku ya mvua, utaona maji yanapopenyea.