Sare ya sataranji: sema kabla ya kubonyeza saa
Wenzangu wa Tanga, barazani Ngamiani tumezoea kuulizana "sare?" wakati wowote. Mashindanoni sogeza kete kwanza, tamka ombi, ndipo ubonyeze saa. Kisha nyote wawili andikeni alama (=) kwenye karatasi zenu za hatua. Tafadhali msiipuuze alama hiyo! Nimeshuhudia ubishi mrefu, huyu anasema "uliniomba", yule anakana, na hakuna aliyeandika.

Ombi haliwekewi masharti wala halirudishwi. Mwenzako hata akiwaza dakika 20, bado ana haki ya kukubali, mpaka akatae kwa mdomo au aguse kete kwa nia ya kuicheza. Akikuomba kila hatua, huo ni usumbufu. Usigombane naye, simamisha saa umwite mwamuzi.