SOMO: Kuichungulia simu kwenye makaratasi ya FCC kabla haijatoka

Wakuu, nimechoka kuulizwa inbox "simu fulani inatoka lini, niuze yangu nisubiri?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii hii.

Simu yoyote ya kuuzwa Marekani lazima ipate kibali cha FCC, ndo TCRA yao, na makaratasi yanawekwa wazi. Ndo maana Steve Jobs aliitangaza iPhone Januari 2007 wakati dukani imeingia Juni, alisema jukwaani kabisa kwamba bora waitangaze wenyewe kuliko FCC iwatangazie.

1. Ingia tovuti ya FCC, tafuta FCC ID Search (FCC ID ni namba ya utambulisho ambayo simu inasajiliwa nayo FCC).

2. Boksi la kwanza weka code ya kampuni, yaani herufi za utambulisho wake. Apple ni BCG, Samsung A3L, Tecno 2ADYY. La pili acha wazi, inaleta orodha yote.

3. Fungua ya tarehe ya karibuni.

4. Hapa ndo watu wanapotea. Utakuta picha za nje, za ndani na kitabu cha maelekezo havipo, mtu anakimbilia kupost "simu feki". Tulia. Kampuni imeomba siri ya muda, inaweza kufika siku 180 tangu kibali kitoke, wakianza kuuza mapema na siri inaisha. Michoro ya saketi hiyo hauioni milele. Ila barua ya kuombea siri yenyewe iko wazi, isome, wameorodhesha humo kila wanachoficha! Halafu fungua mchoro wa sehemu ya lebo, mara nyingi mgongo wa simu umechorwa pale na kamera zake.
ONYO: 180 ni ukomo, SIO tarehe ya uzinduzi.
ONYO tena: FCC wanapima band (masafa ya mtandao) za kwao tu.

MASWALI

– Mkuu kwa hiyo inatoka lini?
– Hatua ya 4.

– Nimecheki haina band 20, hapa Dar 4G si itasumbua? Bora nisinunue.
– Onyo la pili umeliruka. Band 3 na 20 Marekani hawatumii, haziwezi kuwepo kwenye ripoti yao hata kama simu inazo. Angalia spec za toleo linalokuja huku.

– Huu si wizi wa siri za kampuni?
– Wizi gani na serikali yao ndo imeyaweka wazi? Soma kwanza ndo uje kubishana.

– Kaka samahani, kwa nini kampuni isisubiri ipeleke makaratasi siku ya uzinduzi?
– Dada umeuliza la maana. Bila kibali hawauzi, na vipimo vinachukua muda, mzigo utakaa stoo bure. Wanachofanya ni kuomba kibali kitolewe tarehe wanayoitaka wao, kwa hiyo mpaka siku hiyo hauoni kitu. Za Apple kwa kawaida zinaonekana siku ileile ya kutangazwa, pale usipoteze bando kutafuta mapema.

– Mimi nanunua used Kariakoo, hiyo FCC ID inanisaidia kujua feki?
– Peke yake hapana, namba inachapishwa na yeyote. Piga *#06#, itakuja IMEI (namba ya utambulisho wa simu yenyewe), itume kwa SMS kwenda 15090. Ila siri ikishaisha picha za ndani zinafunguka, mwambie fundi akifungua simu alinganishe bodi na hizo picha, betri na viunganishi vyote vinaonekana.

– Duh, hii ya fundi nilikuwa siijui.
– Mpelekee na yeye link, atakupunguzia bei ya kioo.