Somo: Kuweka nukta za visima kwenye ramani kwa QGIS

Nilipoanza kazi ya ramani hapa Arua, Uganda, nilimpa fundi wa pampu karatasi yenye nukta za visima vilivyoharibika. Alipofika kwenye nukta ya tatu alikuta shamba la muhogo. Kisima chenyewe kilikuwa ng'ambo ya kijito, mvua ilikuwa imejaza, na hapakuwa na pa kuvukia. Akina mama wa kijiji kile waliendelea kuteka maji ya kijitoni kwa wiki nzima. Kosa lilikuwa langu: niliibofya nukta ile ramani ikiwa bado mbali. Kwa hiyo somo hili litakaa zaidi pale penye makosa ya namna hiyo.

QGIS ni programu ya bure ya kutengeneza ramani, na hata kompyuta ya kawaida inaiweza.

Hatua ya 1: Weka ramani ya chini. Kwenye paneli ya kushoto fungua XYZ Tiles, kisha bofya OpenStreetMap mara mbili. Unahitaji intaneti kwa hili. Sogea hadi kijiji chako.

Hatua ya 2: Tengeneza tabaka, yaani karatasi ya juu ya ramani itakayobeba nukta zako. Bonyeza Ctrl+Shift+N. Dirisha litakalofunguka linatengeneza faili ya GeoPackage, nami naipendelea kuliko Shapefile. Shapefile hukata majina ya safu yakizidi herufi 10, tena ni faili kadhaa zinazotegemeana: mwenzako akikutumia moja tu kwa WhatsApp, huna kitu. Kwenye aina ya umbo chagua nukta. Mfumo wa koordineti (namba zinazotaja mahali) uwe EPSG:4326, yaani WGS 84, ambao ndio simu na GPS nyingi hutumia.

Sasa ongeza safu za maelezo. Kwa visima mimi huweka nne: jina la kisima, aina (pampu ya mkono, chemchemi, bomba), hali, na tarehe ya kukitembelea. Tarehe usiiache. Kisima kilichoandikwa "kinafanya kazi" bila tarehe hakimsaidii fundi, kwa maana pampu inaweza kukatika mnyororo kesho yake. Kila safu ukishaijaza, iingize kwenye orodha kabla ya kuandika inayofuata, la sivyo itapotea.

Hatua ya 3: Kuza ramani kabla ya kubofya. Chini ya dirisha utaona skeli. Ikisoma 1:50000, milimita moja kwenye kioo ni mita 50 ardhini. Mkono ukitetemeka kidogo tu, umekivusha kisima kijito. Shuka hadi 1:1000 hivi, utafute alama unazozijua: njia panda, shule, kijito. Ukiwa hujawahi kufika hapo, muulize mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) au anayeteka maji pale. Hata picha ya satelaiti haionyeshi pampu iliyofunikwa na mti.

Hatua ya 4: Weka nukta. Chagua tabaka lako, bofya alama ya penseli, kisha bonyeza Ctrl pamoja na kitufe cha alama ya nukta (.) kwenye kibodi. Bofya mahali pa kisima, jaza fomu, kubali. Safu ya fid (namba ya utambulisho) usiiguse, programu itaijaza yenyewe.

Hatua ya 5: Hifadhi. Ctrl+S huhifadhi mradi tu, nukta mpya haziguswi. Bofya alama ya kuhifadhi iliyo kando ya penseli, halafu zima penseli.

Kama ulichukua koordineti kwa GPS, usibofye kwa mkono. Ziandike kwenye jedwali la CSV (faili ya maandishi, safu zikitenganishwa kwa mkato), bonyeza Ctrl+Shift+T, na uchague X iwe longitudo, Y iwe latitudo. Acha tarakimu tano baada ya desimali, ambazo ni usahihi wa mita moja hivi. Ukibakiza tatu, kosa linaweza kufika makumi ya mita. Nukta zikishatokea, zihamishie kwenye GeoPackage, maana tabaka la CSV halihaririki.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu cha ramani

*Jinja: Mwalimu, nukta zangu zote 40 zimeangukia Algeria. Nimekosea wapi?*

Umegeuza X na Y. Jinja iko latitudo 0.42, longitudo 33.20. Ukizibadilisha nafasi unapanda hadi kaskazini mwa Afrika. Fungua CSV upya na ugeuze safu hizo mbili, data yako ni nzima. Nukta zikitua kwenye bahari ya Ghuba ya Guinea, basi namba zimesomwa sifuri kwa sifuri.

*Masaka: Zangu ziko Uganda, lakini zimekaa upande wa Mityana.*

Ndugu yangu, uko kusini mwa ikweta. Latitudo ya Masaka ni -0.33, na bila alama ya kutoa nukta inaruka karibu kilomita 74 kaskazini. Kosa hili nalihofia kuliko la Jinja, kwa sababu nukta inabaki nchini na mtu anaweza kuiamini. Mbarara, Kabale na Kalangala, nanyi angalieni.

*Hoima: Nina koordineti za mita nilizosoma kwenye ramani ya zamani ya karatasi. Nukta zimesogea kidogo tu. Niziache?*

Usiziache. Ramani zile nyingi zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na ukizisoma kama WGS 84 kosa ni karibu mita 300. Soma maandishi ya pembeni mwa karatasi kwanza. Yakithibitisha, mwambie QGIS kwamba data ni EPSG:21096, kisha uigeuze kwenda 4326.

*Kisoro: Nataka kupima nyumba zilizo ndani ya mita 500 kutoka kila chemchemi.*

Kwa digrii hutapata mita. Tumia UTM, mfumo wa mita unaoigawa dunia kwa kanda. Sehemu kubwa ya Uganda iko kanda ya 36, ila Kisoro iko magharibi mwa longitudo 30, hivyo wewe ni kanda ya 35 Kusini: EPSG:32735. Hifadhi nakala ya tabaka kwa mfumo huo, upime humo.

*Yumbe: Visima vingine viko ndani ya boma la mtu. Niandike jina lake na simu?*

Hapana, dada. Mwombe ruhusa kwanza ya kuweka hata nukta yenyewe, akikataa iache. Akikubali, kipe kisima jina ambalo majirani hukiita. Kama safu ya simu ulishaiweka, ifute kabisa kwenye faili kabla hujamtumia mtu yeyote, kwa sababu safu iliyofichwa tu bado inasomeka.